Konea na Upimaji wa Presha ya Jicho: Kwa Nini Namba Moja Haitoshi

Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya macho kwa ajili ya glaukoma aghalabu hurudi nyumbani na namba moja kichwani. Huambiwa kwamba presha ya jicho lake ni 16, au 24, au 38, naye huibeba namba hiyo kana kwamba ndiyo habari yote. Makala haya yanakusudia kueleza namba hiyo hupatikanaje, na kwa nini watu wawili wenye namba iliyo sawa waweza kuwa katika hali mbili zilizo mbali kabisa, mmoja akibaki na uoni wake na mwingine akielekea upofu. Mwandishi si tabibu wa macho, bali ni mwalimu wa mekanika. Kwa sababu hiyo, kitakachoangaliwa zaidi hapa si dawa, bali ni tabia ya konea, yaani kile kioo angavu kilichofunika sehemu ya mbele ya jicho, kama kitu chenye unene, ugumu na unyumbufu wake.

Glaukoma ni jina la kundi la magonjwa ambamo neva ya jicho hufa polepole. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja, nazo ndizo zinazopeleka habari za mwanga kutoka kwenye retina hadi kwenye ubongo. Uzi uliokufa haufufuki. Isichanganywe na mtoto wa jicho, ambapo lenzi huingia ukungu na upasuaji ukaweza kurudisha uoni. Katika glaukoma kilichopotea kimepotea, na matibabu yote hulenga kuhifadhi kilichosalia. Tena ugonjwa wenyewe huja kimya. Huanza kula pembezoni mwa uwanja wa kuona, na upungufu wa jicho moja hufichwa na jicho la pili, hata mtu akaendelea kusoma gazeti na kutambua nyuso za watu huku akijigonga bega kwenye miimo ya milango bila kujua sababu. Katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, walipimwa watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba asilimia 4.16 walikuwa na glaukoma ya namna moja au nyingine. Hao ni karibu mtu mmoja katika kila watu ishirini na wanne.

Jicho hudumisha umbo lake kwa maji yaliyomo ndani. Maji hayo, ambayo siyo machozi, hutengenezwa nyuma ya irisi kwa kiasi cha mikrolita 2 hadi 3 kila dakika. Hupita katika tundu la mboni, hujaza chumba cha mbele, kisha hutoka kwenye pembe ambapo irisi hukutana na konea, wakipitia katika chujio la nyuzinyuzi hadi kwenye mishipa ya damu. Chumba cha mbele huchukua robo ya mililita tu, basi maji yake hubadilishwa yote katika muda usiozidi sana saa moja na nusu. Chujio likianza kuziba, maji huendelea kuja ilhali njia ya kutokea imekuwa finyu, na kanieneo hupanda. Kule nyuma, mahali neva inapotokea, ukuta wa jicho umetobolewa matundu mengi kama chekeche. Chekeche hilo ndilo dhaifu kuliko ukuta wote. Likisukumwa, hupinda, na nyuzi za neva zinazopita humo hubanwa.

Macho mengi yenye afya huwa na kanieneo ya milimita 10 hadi 21 za zebaki. Ieleweke mapema kwamba mpaka huo wa 21 ni wa kitakwimu, wala si ukuta unaotenganisha wazima na wagonjwa. Uchunguzi uliofanywa katika jiji la Baltimore, Marekani, na kutangazwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya macho yaliyokuwa na glaukoma yalisoma chini ya 22 siku ya kupimwa. Kwa hiyo anayempima mtu presha peke yake na kumwambia aende zake kwa amani amefanya nusu ya kazi.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Lugha yetu imepata bahati ya kuwa na neno kanieneo, maana neno hilo linajifasiri lenyewe: ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Njia iliyo nyofu ya kupima kanieneo ya jicho ingekuwa kulichoma kwa sindano iliyounganishwa na mrija wa kupimia. Hakuna atakayekubali kufanyiwa hivyo kila baada ya miezi mitatu. Basi imetubidi tupime kutoka nje, kama afanyavyo mwenye baiskeli anapobonyeza gurudumu kwa dole gumba. Na hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa maana dole gumba halihisi upepo peke yake. Huhisi na mpira pia. Gurudumu lenye mpira mnene mpya laweza kuonekana limejaa, kumbe upepo ni haba; na lile lenye mpira uliolika likaonekana laini ingawa upepo wake unatosha.

Waganga wa karne ya 19 walitumia vidole vyao hasa, wakibonyeza jicho juu ya kope. Mwaka 1905 Hjalmar Schiøtz wa Norwei alileta kifaa chenye pini na uzito, kilichopima pini ilivyozama katika konea. Lakini msingi wa kipimo kinachotegemewa hadi leo ulitolewa na Imbert mwaka 1885 na Fick mwaka 1888. Walisema kwamba ukilibapa tufe lililojaa maji, kani unayotumia ni sawa na kanieneo ya ndani mara eneo ulilolibapa. Kanuni hiyo ni kweli kabisa kwa tufe lenye ngozi nyembamba isiyo na unene wa kuhesabika, inayopinda bila ukaidi wowote, na tena kavu. Konea haina hata sifa moja kati ya hizo tatu. Ina unene, ina ukaidi, na imelowa machozi.

Hans Goldmann wa Bern, Uswisi, pamoja na mwenzake Schmidt, waliyajua hayo yote walipochapisha kazi yao mwaka 1957. Badala ya kuyakana makosa, waliyapambanisha. Ugumu wa konea hukisukuma kifaa nje, na hivyo huongeza namba. Machozi yaliyozunguka kichwa cha kifaa hukivuta kuelekea jichoni, na hivyo huipunguza. Kani hizi mbili hubadilika kwa namna tofauti kadiri eneo linalobapwa linavyokua. Basi wakatafuta mahali zinapokaribia kufutana. Wakapata duara lenye kipenyo cha milimita 3.06. Msomaji mwenye kalamu na aikague hesabu yao: eneo la duara hilo ni milimita za mraba 7.35, na kani ya gramu moja juu ya eneo hilo huleta kanieneo ya milimita 10 za zebaki kamili. Kwa hiyo gramu moja na nusu husomwa 15, gramu mbili husomwa 20, bila jedwali lolote. Katika vifaa vya kupimia nilivyowahi kuvifundisha, ni vichache vilivyotumia akili namna hii.

Lakini usawa huo uliwekwa kwa ajili ya konea yenye unene wa kiasi cha nusu milimita. Goldmann mwenyewe alifahamu kuwa konea ya unene mwingine ingeuvuruga, ila katika siku zake iliaminika kwamba tofauti kubwa za unene ni nadra kwa macho yenye afya. Vilipopatikana vifaa vya kupima unene kwa mawimbi ya sauti isiyosikika, imani hiyo haikusimama. Wastani wa unene katikati ya konea ni mikroni 540 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini kuna watu wazima wa afya walio chini ya 480 na wengine juu ya 600.

Aliyeonyesha uzito wa jambo hili ni Niels Ehlers na wenzake nchini Denmark, mwaka 1975. Waliingiza sindano katika macho ya wagonjwa waliokuwa wakingoja upasuaji, wakaiweka kanieneo ya kweli katika kiwango wanachokijua, kisha wakapima kwa kifaa cha Goldmann. Kifaa kilisema kweli pale unene ulipokuwa karibu na mikroni 520. Konea nyembamba kuliko hiyo ilisomwa chini, na nene kuliko hiyo ilisomwa juu; kosa lilifika hadi milimita 7 za zebaki kwa tofauti ya mikroni 100. Watafiti wengi waliofuata wamepata makosa madogo kuliko hayo, lakini mwelekeo ni uleule.

Pengine msomaji atauliza, milimita tatu au nne za zebaki ni kitu gani? Jibu limo katika jaribio kubwa la Sweden lililofuatilia wagonjwa wenye glaukoma changa, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2002 na 2003. Kila milimita moja iliyopunguzwa ilipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa kiasi cha asilimia 10. Basi mtu mwenye konea ya mikroni 470 anayesomwa 18 na kuambiwa hali ni nzuri, huenda jicho lake linabeba 21 au 22, na tofauti hiyo inatosha kuwa ndiyo inayomla.

Mwaka huohuo wa 2002, nchini Marekani, lilichapishwa jaribio jingine la watu 1,636 wenye presha ya juu ambao neva zao zilikuwa bado nzima. Wale waliokuwa na konea ya mikroni 555 au chini ya hapo walipata glaukoma kwa hatari iliyo karibu mara tatu ya wale waliozidi 588. Katika kundi hilohilo, Wamarekani wenye asili ya Afrika walikuwa na wastani wa mikroni 556, na wengine 579. Afrika ni bara kubwa na haifai kuchukua wastani wa watu wa Marekani na kumvika kila mtu wa Bukoba au Lamu. Hata hivyo vipimo vingi vilivyochukuliwa Afrika Magharibi vimeelekea upande huohuo. Kifaa kilichosawazishwa Bern kwa nusu milimita hakina ubaguzi, lakini hakijui kipo juu ya jicho la nani.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba unene ndio kila kitu. Sivyo. Chukua konea iliyovimba kwa kunywa maji, kama inavyotokea baada ya upasuaji au presha inapopanda ghafla. Unene wake waweza kufika mikroni 650. Kwa kufuata jedwali la unene tungesema kifaa kitasoma juu kupita kiasi. Kumbe hutokea kinyume: konea iliyovimba hulegea kama mkate uliolowa, na kifaa husoma chini. Unene ni ule wa umbo. Ugumu ni wa kitu chenyewe.

Asilimia 90 ya unene wa konea ni tabaka la kati, lililojengwa kwa nyuzi za kolajeni zilizopangwa katika matabaka zaidi ya mia mbili, kila moja likikatiza jingine kama miyaa katika jamvi, na katikati yake mna maji na ute. Katika maabara nilikosomea shahada ya uzamivu, ng'ambo, tulikuwa tukikata vipande vyembamba vya konea ya nguruwe kutoka machinjioni na kuvitundikia uzito. Kipande hurefuka mara moja, kama mpira. Kisha, ijapokuwa hakuna uzito ulioongezwa, huendelea kurefuka taratibu kwa dakika kadhaa. Ukiuondoa uzito, hakirudi kwa njia ileile kiliyoendea. Huo ndio unyumbufu wenye mnato: nyuzi hutoa unyumbufu, ute hutoa mnato. Tena kipande kilichokwisha kuvutwa sana huwa kigumu zaidi kukiongezea mvuto, kwa kuwa nyuzi zilizokuwa zimelegea zote zimekwisha kunyooka. Kwa hiyo konea iliyo chini ya kanieneo kubwa hujifanya ngumu kuliko ilivyo, na hapo kipimo na kinachopimwa huanza kushikana mashati.

Mwaka 2005 David Luce alieleza kifaa kinachoigeuza tabia hii kuwa kipimo. Pumzi fupi ya hewa hupulizwa jichoni. Konea hubapa, huzama kidogo, kisha hewa inapopungua hurudi na kubapa mara ya pili. Yote hayo humalizika kabla mtu hajawahi kupepesa. Kama konea ingekuwa mpira mtupu, kanieneo ya hewa katika nyakati hizo mbili za ubapa ingekuwa sawa. Haiwi sawa, kwa sababu ute umemeza sehemu ya nguvu, kama godoro la sponji linavyomeza pigo la ngumi. Tofauti ya kanieneo hizo mbili huitwa histeresisi ya konea. Kwa macho yenye afya huwa karibu na milimita 10 za zebaki. Kwa macho yenye glaukoma huwa, kwa wastani, chini ya hapo. Na katika wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka, wenye histeresisi ndogo walipoteza uwanja wa kuona kwa kasi zaidi.

Kwa nini hali ya dirisha la mbele ihusiane na chekeche la nyuma? Konea na weupe wa jicho ni ganda moja lisilo na kiungo, lililofumwa kwa kolajeni. Wapo watafiti wanaodhani kwamba jicho ambalo ukuta wake wa mbele hauwezi kumeza mshtuko, huenda na chekeche lake halistahimili. Dhana hiyo inavutia, na kimekanika haina kasoro, ila chekeche halifikiki kwa pumzi ya hewa, na hivyo ushahidi wake ni wa kuzungukia. Jambo lililo wazi zaidi ni lile la mkazo katika ukuta. Mkazo huo ni kanieneo mara nusu kipenyo, ukagawanya kwa unene mara mbili. Kwa konea yenye nusu kipenyo cha milimita 7.8 na unene wa 0.54, kanieneo ya 16 huleta mkazo wa milimita 116 za zebaki. Unene ukiwa 0.48, mkazo huwa 130. Yaani maji ni yaleyale, mzigo umeongezeka.

Yapo majedwali yanayodai kurekebisha namba: unene huu, ongeza tatu, unene ule, toa mbili. Kwa maoni yangu ni afadhali yasitumiwe. Hayapatani yenyewe kwa yenyewe, na yote husahau ule mkate uliolowa. Konea ipimwe unene, kazi ya dakika moja, iandikwe katika kadi ya mgonjwa kuwa nyembamba, ya wastani au nene, na daktari aisome presha pamoja na sura ya neva na ramani ya uwanja wa kuona. Aliyepata kuchongwa konea kwa leza ili aache miwani ya kuona mbali anapaswa kusema hivyo kila apimwapo, maisha yake yote. Kumrekebisha mtu wa dayopta 6 katika duara la milimita 6 huondoa kiasi cha mikroni 72, na kifaa kitamsoma chini tangu siku hiyo.

Haya yote huwa na uzito mkubwa zaidi inapofikia kuamua matibabu, kwa kuwa mafanikio yenyewe huhesabiwa kwa namba. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2021, likilinganisha matone ya timololi na leza inayofungua chujio. Baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa katika asilimia 61 ya macho na matone katika asilimia 31, na kufanikiwa maana yake ilikuwa presha kushuka hadi lengo lililowekwa. Kwa nchi ambayo mgonjwa husafiri siku nzima kufuata chupa ya dawa, hiyo ni habari kubwa.

Matone na leza visipotosha, hufuata upasuaji uitwao trabekulektomia, ulioelezwa na Cairns wa Cambridge mwaka 1968. Mpasuaji hufunua ngozi nyembamba iliyo juu ya weupe wa jicho, hukata kifuniko cha nusu ya unene wa weupe huo, na chini yake hutoboa tundu hadi chumba cha mbele. Kifuniko hurudishwa na kushonwa kwa nyuzi laini kuliko unywele. Maji hupenya kando ya kifuniko na kukusanyika chini ya ngozi, yakafanya kilengelenge kinachofichwa na kope la juu. Ni mfereji mpya uliochimbwa kwa mkono, na bomba lake la kufungia ni mvutano wa nyuzi zile.

Mwili huliona tundu hilo kuwa ni jeraha, nao hutaka kuliziba kwa kovu. Ndiyo maana siku na majuma ya kwanza ni ya mashaka pande zote mbili. Presha ikibaki juu, daktari aweza kuukata uzi mmoja kwa leza ili maji yatoke zaidi. Akiukata mapema mno, jicho hulegea: presha huanguka chini ya 6, konea hukunjamana, na utando wa nyuma hujaa maji. Akichelewa, kovu humtangulia. Na uamuzi huo hufanywa katika siku zilezile ambazo konea imevimba, nyuzi zimeivuta upande mmoja, na kanieneo iliyoshuka ghafla imekwisha kubadili histeresisi yake. Namba 14 asubuhi hiyo siyo 14 ya mwezi uliopita. Kwa hiyo daktari mzoefu huisoma, huiandika, kisha huinama tena kwenye darubini, akiangalia kilengelenge kama kimeinuka au kimelala, na chumba cha mbele kama kina kina chake, kabla hajaamua kuukata uzi au kuuacha hadi kesho.